Mambo ya Nyumbani Yaachwe Getini

Usiku wa kuamkia leo niliota. Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, mpaka jogoo aniite. Lakini hii niliiota mwanzo hadi mwisho, na ninaisimulia kama ilivyokuwa. Sikuitia chumvi, maana haikuhitaji.

Kwanza mjue nililala na nini moyoni. Mjukuu wangu Somoe ndiye msimamizi wa ghala la korosho hapa kwetu Masasi. Ni msimu wake wa kwanza kukabidhiwa ghala zima. Jana jioni alirudi, akajitupa mkekani na viatu vyake miguuni.

"Bibi, watu wananikimbia," akasema. "Asubuhi geti linajaa vibarua. Ikifika mchana sijui wamekwenda wapi. Korosho za wakulima zimerundikwa nje, wa kuziingiza hakuna, na mawingu yale pale mlimani. Mvua ikizikuta nje, jasho la watu la mwaka mzima litaoza. Na ghala watampa mwingine."

Nikamwambia, "Kalale, mke mwenzangu. Kesho nayo ni siku."

Akaenda kulala chumba cha pili, nami nikalala.

Nikaota niko jikoni nakoroga uji. Nafungua mlango wa uani ili nimwage maji, na uani hapapo. Pale pa kuku pana geti la ghala.

Getini kasimama Mizani. Ni ile mizani kubwa ya chuma ya kupimia magunia, ila imevaa kofia ya mlinzi.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mizani.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Mizani akanitazama. "Mshale wangu hutetemeka asubuhi," akasema. "Jua likipanda hutulia."

"Pole sana."

"Ahsante. Hajawahi kutokea mtu akaniuliza. Huwa wananipanda tu."

Juu ya geti pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAMBO YA NYUMBANI YAACHWE GETINI. Tangazo hilo lipo kweli. Somoe alilikuta limefifia, likampendeza, akalipaka rangi upya. Alidhani ni maneno tu, kama nilivyodhani mimi.

Vibarua wanaingia. Anakuja kijana mpana wa mabega, jina lake Mkwinda, yule mbebaji hodari ambaye Somoe humtaja kila siku. Anasimama mbele ya Mizani, anapeleka mkono kwapani, anatoa nyumba. Ni nyumba ya matofali, haina paa, imekunjwa kama mkeka. Anaiweka juu ya Mizani.

"Ya nani hii?" Mizani anauliza.

"Ya mama. Mvua ikija atalowa."

Mizani anatazama mshale wake. Haujasogea. "Haina uzito. Iweke benchini, pita."

"Nyumba nzima haina uzito?" nikauliza.

"Bibi, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema Mizani, bila kiburi. "Kwangu mimi mambo ya wenzangu yote ni usufi. Ndiyo sababu nikapewa kazi hii."

Nyuma ya Mkwinda yupo mama mmoja mwembamba, sindano ya kushonea magunia kaichomeka kwenye kilemba. Anaitwa Tatu. Anafungua kanga mgongoni, anatoa homa. Ni homa ya mtoto: kubwa kama kuku tetea, nyekundu, macho yamelegea, inatetemeka. Anaiweka benchini taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

"Haina uzito," anasema Mizani. "Pita."

Tatu ananigeukia. "Bibi, usiipe maji ya baridi."

"Sitaipa, mwanangu."

"Na ikilia, ipigepige mgongoni. Hupenda hivyo."

"Nitaipigapiga."

Anajifuta uso kwa upindo wa kanga, anaingia.

Wakaja wengine. Huyu anaacha harusi ya dada yake, imevaa kiatu kimoja. Yule anaacha ugomvi wa mpaka wa shamba, kaufunga kamba shingoni, unabweka. Mwingine anaacha msiba. Msiba wenyewe hauna makelele. Umekwenda kukaa mwisho wa benchi, umekunja mikono, na mambo mengine yamesogea kuupisha. Benchi lilikuwa refu, mwisho wake unapotelea kwenye ukungu.

Nikainua sufuria yangu ya uji nami niingie.

"Wewe huingii, Bibi," akasema Mizani.

"Kwa nini? Nampelekea mjukuu wangu uji. Kaondoka na njaa."

"Huwezi kuingia kwa sababu umeshaachwa. Jitazame."

Nikajitazama. Nimekaa benchini, kati ya homa na harusi. Nimefungwa uzi kifundoni, na kwenye uzi kuna kibati kimeandikwa SOMOE.

"Wewe ndiye jambo la nyumbani la msimamizi," akasema Mizani. "Huwa wa kwanza kufika, kwa hiyo wewe huwa wa kwanza kuachwa."

Sikukasirika. Nilipogeuka kidogo niliona kwamba mjukuu wangu, kabla ya kuniacha, alikuwa ameniwekea mto wa kukalia. Wengine wote wameketi kwenye ubao mtupu. Nikaichukua ile homa ya mtoto, nikaipakata, nikaanza kuipigapiga mgongoni.

Kutoka pale benchini naiona foleni ya magunia upande wa nje. Yamesimama moja nyuma ya jingine mpaka barabarani, kama wagonjwa zahanati. Lililokuwa karibu nami lilikuwa limeegemea ukuta.

"Hujambo?" nikaliuliza.

"Sijambo, ila mgongo," likasema gunia. "Tumetoka mbali. Aliyetuokota alikuwa akituongelesha shambani. Alisema tukiingia ghalani salama, ataezeka choo na kumpeleka mwanawe hospitali ya macho. Hapa hakuna wa kutuongelesha."

"Mtaingia tu."

"Bibi, tangu asubuhi foleni haijasogea."

Nikatazama nyuma ya gunia la mwisho. Pale kasimama mwanamke mrefu ajabu, rangi ya majivu, buti za mpira miguuni, na kichwani kabeba mzigo mkubwa kuliko nyumba. Umefunikwa kwa shuka jeusi. Shingo yake haitikisiki.

"Mama, wewe ni nani?" nikamuita.

"Mimi Mvua."

"Na kwenye foleni umefuata nini?"

"Zamu yangu. Mimi siruki foleni, nimelelewa."

"Na kama foleni haisogei?"

Mvua akafikiri. "Nimeambiwa kivuli cha paa kikigusa geti, nianze," akasema. "Aliye ndani yuko ndani, aliye nje yuko nje. Samahani, Bibi. Sina ubaya na korosho."

Nikakitazama kivuli. Kilikuwa katikati ya uwanja, kinatambaa.

Ndipo niliposikia sauti ya kipaza sauti kutoka ndani. Ilikuwa ya Somoe.

"Shukeni! Jamani, tafadhali, shukeni!"

Nikasimama, nikachungulia kati ya nondo za geti. Ee Mola wangu! Naishi Masasi miaka yangu yote, na ghala lile nalijua kwa nje ni jengo la kawaida la mabati. Kwa ndani halikuwa na mwisho. Marundo ya magunia yalikuwa milima, yenye mabonde na njia za miguu. Harufu ya korosho ilikuwa nene hata mtu angeweza kuiegemea. Mbali kabisa, juu ya rundo la nyuma, palikuwa na jua jingine dogo, la humo ndani tu.

Na juu, chini ya mapaa, walikuwepo vibarua.

Wanaelea. Mamia yao. Wamegusa mabati kwa migongo kama puto lililomponyoka mtoto. Wengine wamelala. Mkwinda yuko pembeni, miguu inaning'inia, anatazama mikono yake kama vyombo vya mtu mwingine. Tatu yuko karibu na taa, sindano iko mkononi, anashona hewa. Hakuna anayelia wala kucheka. Wametulia mno.

"Ndivyo inavyokuwa," akasema Mizani nyuma yangu. "Wakiacha mambo yao hapa huwa wepesi. Hutembea kidogo, kisha visigino vinanyanyuka. Mchana nusu wako juu. Jioni wanashuka kwa kamba, wanachukua vyao, wanakwenda. Wengine kesho hawaji."

"Na Somoe hajui?"

"Anajua wamepotea. Mtu hatazami juu akitafuta mbebaji."

Sasa alikuwa ametazama. Mjukuu wangu kasimama katikati ya ghala, kafulana kake ka njano, kipaza sauti mdomoni. Ukutani pembeni yake kuna tangazo jingine: INUA KWA MAGOTI, USIINUE KWA MGONGO. Chini yake migongo imekaa kwenye benchi, haina kazi, inasoma gazeti.

"Nahitaji mikono!" Somoe akatangaza. "Mikono yoyote! Sasa hivi!"

Ikaja. Ilipita chini ya geti, ikanipita miguuni: mikono, yenyewe tu, inakimbia kwa vidole. Ya kuume na ya kushoto, mamia. Mmoja ulisimama ukanipa mkono kwa adabu, kisha ukawakimbilia wenzake. Ikadaka gunia la kwanza, ikalinyanyua. Nilifurahi. Lakini mikono haina macho. Ikalizungusha lile gunia uwanjani, ikaligonga nguzo, ikalirudisha palepale ilipolitoa. Halafu ikajipigia makofi.

"Siyo huko!" Somoe anapiga kelele. "Ndani! Ndani!"

Mikono haina masikio pia. Iliposhikwa na uchovu ikakumbatana miwili miwili, ikalala.

Kivuli cha paa kimefika nusu ya njia. Na mimi natazama viatu vya mjukuu wangu, naona mwanga chini ya soli zake.

Visigino vyake vimenyanyuka.

"Somoe!" nikaita. "Somoe we!"

Hakugeuka. Akapanda polepole, kipaza sauti kikamponyoka kikaanguka, naye akaendelea kupanda, akapita taa, akapita mapaa ya kawaida, akaenda mpaka kwenye kilele ambako hata wale wengine hawakufika. Maana wale waliacha nyumba na homa. Yeye alikuwa ameacha kila alichonacho.

Nikamgeukia Mizani. "Fungua geti. Nayaingiza mambo haya."

"Kanuni, Bibi."

"Kanuni kaiandika nani?"

"Sijui. Mimi sisomi, napima tu."

Nikaivua kanga yangu ya juu, nikaisokota ngata, nikaiweka utosini. Kisha nikaanza kuyakusanya mambo ya watu kutoka benchini. Nyumba ya mama Mkwinda nikaiweka chini kabisa kwa kuwa ni pana. Juu yake harusi. Ugomvi nikaufunga mdomo kwa kamba yake. Homa nikaiweka juu, nikaifunika. Msiba ulikataa kubebwa. Ulisema utatembea, ukanishika mkono.

Furushi lilikuwa tayari, lakini liko chini. Na sisi kwetu jambo hili halina ubishi: mzigo mzito mtu hajitwiki peke yake. Lazima apatikane wa kukutwisha. Hata mliyegombana naye, akikukuta umesimama na mzigo wako chini, atakuja akutwishe, halafu mtaendelea kununiana.

"Nitwishe, baba," nikamwambia Mizani.

"Mimi sijawahi kunyanyua kitu. Huwa nawekewa."

"Shika huku. Piga goti. Haya, pamoja."

Mizani akashika, akanyanyua. Chuma chake chote kikalia. Mshale ukazunguka, ukazunguka tena, ukang'oka, ukaangukia mchangani.

"Uuwi!" akasema. "Bibi, kumbe vizito!"

"Vilikuwa vizito tangu asubuhi. Sasa niulize kama mzigo umekaa."

"Umekaa?"

"Umekaa."

Akavua kofia yake ya mlinzi, akaikunja, akafungua geti.

Nikaingia. Ardhi ya humo ndani ilikuwa na joto, kama mgongo wa mnyama aliyelala. Nikasimama chini ya Mkwinda. Sikumwambia habari za kazi. Sikumwambia ashuke. Nilisema neno moja ambalo kila mtoto wetu hulijua kabla hajajua jina lake.

"Mkwinda, nitue!"

Kwetu mtu akikuambia nitue, humuulizi katoka wapi. Hata salamu husubiri. Unaacha ulichoshika, unampokea mzigo, ndipo mnaulizana habari. Mkwinda alikuwa hanijui, na sidhani kama alikuwa anajijua mwenyewe. Lakini ile mikono yake iliyokuwa inamshangaza ilinyooka yenyewe, ikashuka, ikashika kilichokuwa chake. Nyumba ikajikunjua kifuani pake. Akashuka pu! akasimama kwa miguu miwili.

"Lo!" akasema. "Mama hana paa." Kisha akaona foleni mlangoni. "Na korosho ziko nje! Bibi, tumelogwa?"

"Mmeelea tu, baba. Wapokee wenzio."

"Tatu, nitue!" nikaita, na Tatu akaja na sindano yake, akaikumbatia ile homa, akaiweka mgongoni, akaifunga kanga. Alipoifunga tu miguu yake ikagusa chini. Akaigusa kwa nyuma. "Imepungua," akaniambia. "Umeipigapiga."

"Kidogo tu."

"Nitue!" Mkwinda naye anaita. "Nitue!" Tatu anaita. Ghala zima linaita nitue, na watu wanashuka kama mvua ya korosho mti unapotikiswa, kila mmoja anapokea chake na kusimama. Mwenye msiba alishuka wa mwisho. Msiba uliniachia mkono, ukamwendea, wakasimama pamoja. Watu wawili wakaja wakasimama nao.

Nikadhani kichwa changu sasa ni kitupu. Shingo ikasema si kitupu. Bado kuna kitu kimekaa pale kwenye ngata, kizito, kimetulia. Aliyebeba kichwani haoni alichobeba.

Nikatazama juu. Somoe ni kitone cha njano.

"Somoe, nitue!" nikaita. Sauti haikufika.

"Atashuka vipi yule?" akauliza Mkwinda. "Ngazi zetu hazifiki."

"Nitapanda."

"Bibi, na magoti hayo?"

"Kwani ukutani pameandikwaje? Inua kwa magoti."

Mkwinda akacheka, akapiga kelele kwa wenzake, "Bibi katuvunja mbavu!" Na wale waliokuwa wamechoka sana wakacheka nao, wakaanza kutoka nje kuyafuata magunia.

Nikapanda mlima wa magunia. Kila ninapoweka mguu gunia linasema, "Kanyaga taratibu, Bibi, usitupasue," nami naomba radhi. Katikati ya mlima nikasikia manong'ono. Kila gunia lilikuwa linataja aliyelijaza: mikono iliyookota, mgongo ulioinama, mtoto aliyefukuza nyani. Majina hayo yalikuwa mengi kama nyota, na yote yalisemwa kwa heshima. Nikasimama kidogo nipumue. Nikawaza: na mtoto wangu huyu ndiye waliyemkabidhi yote haya. Kumbe ndiyo maana aliniacha nje. Aliogopa asiweze kutubeba wote.

Kileleni palikuwa na baridi, na lile jua dogo lilikuwa karibu. Somoe alikuwa mbele yangu, amekaa hewani, ameshika kalamu.

"Shikamoo," akasema. "Una miadi?"

Hanijui. Sura yake ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini.

"Sina miadi, mama. Nimebeba. Nitue."

Akanitazama. Kalamu ikaanguka. Nikaiona mikono yake inainuka, ile mikono niliyoifundisha kushika mwiko, ikapita masikioni kwangu, ikaushika mzigo uliokuwa utosini, ikaushusha kati yetu.

Sikuuona. Macho yangu hayakukubali. Lakini yeye aliuona.

"Bibi," akasema. "Hiki umekibeba tangu lini?"

"Sijui, mama. Ni nini?"

Alicheka na kulia kwa pamoja, akaupangusa ule mzigo kwa upindo wa fulana yake, kama anayempangusa mtoto kamasi. Kisha akachukua ngata yangu, akaiweka juu ya nywele zake.

"Nitwishe," akasema. "Sasa mimi."

Nikashika. Ulikuwa na joto, na ulikuwa ukipumua. Tukanyanyua pamoja.

"Umekaa?"

"Umekaa, Bibi."

Nyayo zake zikagusa magunia. Tukashuka mlima, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika bega.

Huku chini kazi ilikuwa imechacha. Sijawahi kuona kazi nzuri vile. Wanakwenda wawili wawili, mmoja anatwisha, mmoja anabeba, wakirudi wanabadilishana. "Limekaa?" "Limekaa!" Neno hilo linatoka mlangoni linafika mwisho wa ghala, linarudi, mpaka likawa wimbo na mabati yakawa yanaitikia. Ile mikono iliyolala imeamka, kila mmoja umepata mtu wa kufuatana naye, kwa hiyo sasa inajua njia. Migongo imekunja gazeti. Magunia yanaingia, na kila lipitalo linaniambia, "Ahsante, Bibi," nami naitikia yote, sikuruka hata moja.

Somoe hapigi kelele. Anatembea kati yao, mzigo wake kichwani, anauliza, "Mkwinda, mama anahitaji bati ngapi?" Na Mkwinda anajibu huku anabeba. "Tatu, kaa mlangoni penye upepo, mtoto apoe." Na Tatu anahama na sindano yake.

Kivuli cha paa kikafika geti.

Gunia la mwisho liko nje, lile lililokuwa linaumwa mgongo, limewapisha wenzake wote. Nyuma yake Mvua kasimama. Amevuka uwanja wote bila kuruka foleni.

"Zamu yangu," akasema.

"Mama, tungoje kidogo tu," akasema Somoe.

"Siwezi, mwanangu. Na mimi ni kibarua."

Mkwinda na Tatu wakalikimbilia lile gunia, wamelishika, wanalinyanyua. Mimi nikamtazama yule mama mrefu. Nikaona jasho linamtiririka mpaka kwenye buti. Nikaona shingo yake imekakamaa vile vile kama nilipomwona mara ya kwanza.

"Umetoka nalo wapi hilo, mama?" nikamuuliza.

"Baharini."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Wote wananiona naja, na wote wanakimbia ndani."

"Pole, mama. Pole sana. Njoo nikutue."

Mvua akanitazama kama Mizani alivyonitazama asubuhi. Akainama. Aliinama sana, maana mimi ni mfupi. Nikanyoosha mikono nikaupokea ule mzigo mkubwa kuliko nyumba, na nyuma yangu nikasikia Somoe anasema, "Ngoja, Bibi, si peke yako," na mikono ya watu wote wa ghala ikaja chini ya lile shuka jeusi, ikashika. Lile gunia la mwisho likavuka kizingiti. "Limekaa?" "Limekaa!"

Tukautua mzigo wa Mvua uwanjani, taratibu. Shuka likafunguka.

Akasema, "Ahhh."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikatoka uani, kuku wapo, ardhi ni kavu. Mawingu bado yamekaa mlimani, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa.

Nikakoroga uji. Somoe akatoka chumbani anajikanda shingo, macho mazito. Nikammiminia. Nikamuuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za jirani:

"Yule Tatu anayekushonea magunia, mtoto wake homa imepungua?"

Kijiko kikasimama. "Tatu umemjulia wapi, Bibi?"

"Imepungua?"

"Tatu ana mtoto?"

Tukatazamana. Akachukua simu, akampigia. Nyumba yangu ni ndogo, nikasikia yote.

"Tatu, ni Somoe wa ghalani. Hapana, sikupigii kwa kuchelewa. Nauliza mtoto anaendeleaje."

Sauti ya upande wa pili ikasema, "Amepoa, bosi. Alfajiri hii amepoa. Nani kakuambia? Mimi nilikuwa naogopa kusema. Nilikuwa nimeshaamua leo nisije."

"Njoo naye," akasema Somoe. "Utakaa mlangoni penye upepo. Na Tatu, unamjua Mkwinda anakoishi? Mpitie. Mwambie nataka kujua habari ya nyumba ya mama yake kabla ya mvua."

Akakata simu. Sikuwa nimemtajia Mkwinda, wala nyumba, wala mlango wenye upepo.

Akamaliza uji wote, akakomba na bakuli, akaniaga. Sauti za vibarua zilikuwa zinapita barabarani.

Somoe ni mfupi kama mimi, na mlango wangu ni mrefu. Babu yake aliyekuwa kama mnazi alikuwa akiupita wima. Lakini asubuhi hii mjukuu wangu alipofika kizingitini alisimama, akainua mkono mmoja juu ya kichwa kushika kitu nisichokiona, kama mtu aliyetwishwa, akapiga goti kidogo ili kisigonge, ndipo akapita.